Kuandika Riwaya kwa Saa Moja ya Alfajiri

Anayetaka kuandika riwaya huku akiwa na kazi nyingine ya kumpatia riziki, kwanza achague saa moja ambayo hakuna mtu anayemdai. Kwangu mimi, hapa Iringa, saa hiyo ni kati ya kumi na moja na kumi na mbili alfajiri, kabla majirani hawajawasha majiko na bodaboda hazijaanza kupandisha kilima kutoka Ipogolo. Juni na Julai baridi hukaza vidole, hivyo andaa tangu usiku blanketi la mabegani na chupa ya chai, usije ukapata sababu ya kurudi kitandani.

Andika kwa kalamu kwenye kaunta buku, ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto ni wa masahihisho. Maneno 300 yanatosha: kwa siku tano za wiki, baada ya wiki 40 utakuwa na maneno 60,000, na hiyo ni riwaya kamili.

Ninalolisisitiza zaidi ni mahali pa kukomea. Usilimalize tukio. Mwache mhusika ameshika kitasa cha mlango, nawe ukijua atamkuta nani ndani, kisha funga daftari. Kutwa nzima, hata ukiwa umesimama kwenye daladala, utakuwa unasikia watakayosemezana, na kesho yake kalamu itaanza bila kubembelezwa.

Mandhari nayo isiandikwe kwa kukisia. Niliwahi kuandika sura kuhusu mapigano ya Lugalo, huku kwetu Iringa, ya tarehe 17 Agosti 1891, ambamo wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikishinda kikosi cha Wajerumani, nikawaweka wapiganaji hao kwenye mvua na tope. Lakini mvua zetu huanza karibu na Novemba na kukoma Aprili au Mei. Mwezi wa Agosti nyasi zimekauka, na ukizikanyaga zinalia. Sikuweza kufuta neno “mvua” na kuendelea, maana mtu aliyejificha kwenye nyasi kavu hathubutu hata kuhamisha goti, na woga wake ni tofauti kabisa na wa mtu aliyelowa. Niliiandika upya sura yote, na ukimya ule wa nyasi ndio ulioipa uhai.

Mswada ukikamilika, uweke kando mwezi mzima, kisha usome wote kwa sauti, hasa mazungumzo. Wazee wawili wa Kihehe wanaokutana njiani Kalenga hawaulizani “habari za asubuhi” kama watangazaji wa redio; watasema “kamwene”, na msomaji ataelewa bila kutafsiriwa. Kila ulimi unapojikwaa, weka alama ya penseli pembeni na uendelee kusoma bila kusahihisha. Alama hizo ndizo kazi ya alfajiri zinazofuata, moja baada ya nyingine.