Andiko la ruzuku ya usomaji wa likizo: ya kuweka na ya kuacha

Nilifundisha darasa la pili huku milimani Lushoto hadi nikastaafu, na sasa ni katibu wa kikundi kinachowasomesha watoto hadithi kila likizo ya Juni. Walimu wa kata za jirani huniomba nakala ya andiko letu. Siwapi. Andiko la kunakili hujulikana kwenye ukurasa wa kwanza, na mfadhili akishakutilia shaka harudi tena. Ninachowapa ni maelezo haya.

Anzeni bila pesa. Likizo moja, chumba kimoja cha darasa, mkeka, vitabu alivyonavyo mwalimu mkuu kabatini, na kaunta buku. Mtoaji wa ruzuku ndogo hutafuta kitu ambacho tayari kinakwenda ili akiongezee nguvu. Kikundi chenye mipango mizuri tu hukutana nacho kila siku.

Kaunta buku ndiyo kazi yenyewe. Piga mistari: jina, umri, darasa, kitongoji, mzazi, ngazi ya kusoma siku ya kwanza, ngazi siku ya mwisho. Ngazi tunazotumia zinafanana na zile za Uwezo, upimaji uliofanyika nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda: silabi, maneno, aya, hadithi. Mwite mtoto pembeni, peke yake, asije akachekwa na wenzake. Mpe aya. Akiisoma, mpe hadithi; ikimshinda, mrudishe kwenye maneno, kisha silabi. Halafu muulize swali. Watoto wetu wengi wanazungumza Kisambaa nyumbani, na utampata anayetamka kila neno bila kukwama, lakini ukimuuliza mbuzi wa kwenye hadithi alikwenda wapi anabaki kukutazama. Huyo mwandikie "aya, haelewi". Mkifunga, pima tena kwa aya nyingine, maana ile ya kwanza ameshaikariri.

Sasa una la kuandika. Watoto wangapi walitoka kwenye maneno wakafika kwenye aya, wangapi walibaki palepale, na unadhani kwa nini. Waliobaki usiwafiche. Sentensi za "kuinua kiwango cha elimu vijijini" futa zote.

Makaratasi hayana siri: katiba, muhtasari wa kikao wenye sahihi, cheti cha kikundi kutoka halmashauri (mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata), akaunti ya benki ya kikundi, barua ya mtendaji wa kijiji na ya mwalimu mkuu. Angalizo moja tu. Kwenye barua ya kuomba darasa usiandike "tuisheni" wala "masomo ya likizo", maneno hayo yatamshtua afisa elimu kata, na ana haki. Andika usomaji wa hadithi, wa hiari, bila malipo. Ongeza ukurasa mmoja wa ulinzi wa mtoto, ukitaja Sheria ya Mtoto ya 2009: hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto mlango umefungwa, na jambo likitokea anaambiwa nani. Siku hizi wafadhili wengi huutafuta ukurasa huo kabla ya bajeti.

Kuhusu pa kuomba, tenganisha vitu. Rafu, bati na madirisha peleka kwenye Mfuko wa Jimbo, kupitia serikali ya kijiji na kata. Ubalozi wa Japani una ruzuku za miradi ya jamii, ila hizo huelekea zaidi kwenye majengo na vifaa, na uji wa watoto haumo. The Foundation for Civil Society hutoa ruzuku kwa asasi za kiraia. Subiri tangazo lao na usome masharti hadi mstari wa mwisho. Kwa vitabu, anza na Bodi ya Huduma za Maktaba. Sisi tunakwenda maktaba ya mkoa, Tanga mjini.

Vitabu vya msaada kutoka Ulaya vipokee kwa shukrani, ila jua kwamba karibu vyote ni vya Kiingereza, na kwa mtoto wa darasa la pili wa kwetu hiyo ni lugha ya tatu. Anaangalia picha, anarudisha. Mimi naomba pesa ya kuchapa. African Storybook wana hadithi fupi za Kiswahili mtandaoni, na leseni yake inaruhusu kuchapa bure. Hadithi ya kurasa 16 ukiikunja inaingia kwenye karatasi 4 za A4, mbele na nyuma, yaani nyuso 8. Steshenari ikitoza shilingi 100 kwa uso ni 800, weka 200 za jalada gumu na pini, kitabu ni 1,000. Hadithi 40, nakala tatu tatu: 120,000. Mstari kama huo kwenye bajeti hauna mjadala, kila mtu anaweza kuupigia hesabu.

Uji nao uandike, usiuonee aibu. Juni huku ni baridi, na watoto asubuhi wanakuwa shambani kwenye karoti na kabichi, kwa hiyo tunakutana saa nane mchana. Bila kikombe cha uji, saa tisa wanaanza kusinzia. Kwa watoto 40, kilo moja na nusu ya unga, kilo ya sukari na kuni hazizidi 8,000 kwa siku. Mara mbili kwa wiki, wiki nne, ni 64,000.

Posho ya wanaojitolea iite nauli na uiweke ndogo. Nimeona andiko ambalo nusu ya bajeti ni posho za "waratibu". Hata mimi nisingelipa.

Ulizeni mapema kuhusu risiti. Muuza unga wa kijijini hana mashine ya EFD. Mwambieni mfadhili kabla ya kusaini mkataba, mkubaliane kwamba hati ya malipo yenye jina, sahihi na namba ya simu ya muuzaji inatosha. Vya steshenari nunueni mjini kwenye risiti kamili.

Andiko liwe tayari mwezi wa pili. Barua za halmashauri huchukua muda, mweka hazina atakuwa kwenye msiba siku mnayohitaji sahihi yake, na pesa ikiingia Julai watoto wameshafungua shule.