Kumfuga beta kwenye tangi dogo: tayarisha maji kabla ya samaki

Beta, samaki mdogo wa mapambo, ni mvumilivu, na uvumilivu huo ndio unaomponza. Juu ya matamvua yake ana kiungo cha kupumulia kinachoitwa labirinthi. Hupanda juu, akavuta hewa, akashuka tena, kwa hiyo hata maji yakiwa na oksijeni haba bado utamwona anaogelea. Mwenye naye huamini mambo ni shwari. Lakini labirinthi haimkingi na sumu iliyomo majini, na beta wengi wanaokufa mapema huuawa na sumu hiyo.

Wapo wanaosema bakuli linamtosha, eti huko kwao Thailand na nchi jirani huishi kwenye vidimbwi vya nyayo za nyati. Sikubaliani nao hata kidogo. Kwao ni mashamba ya mpunga yaliyofurika, mitaro na vinamasi: maji ya kina kifupi, ndiyo, lakini yametanda mbali, yana majani tele na ni ya vuguvugu. Maji yakikauka anaweza kunaswa kwenye kidimbwi, na hapo anachofanya ni kungoja mvua.

Mimi sishuki chini ya lita 20. Katika maji machache, chakula kidogo kilichobaki kinatosha kuyachafua yote, na joto hupanda na kushuka upesi. Chagua tangi refu kwa upana kuliko kwenda juu, maana dume mwenye mapezi marefu huchoka kupanda kila anapotaka hewa. Liweke mbali na jua la dirishani, juu ya meza imara: lita 20 za maji ni kilo 20, bado kioo na changarawe.

Sasa nakuomba subira, kwa sababu hatua inayofuata ndiyo watu wengi huiruka. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo huunguza matamvua. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo kwa kiasi kidogo haimdhuru. Bakteria hao hukaa hasa kwenye sponji ya chujio na kwenye changarawe, wala hawazaliani vya kutosha kwa siku moja. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6, na muda wote huo tangi liwe bila samaki. Washa chujio na hita, tia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome miligramu 2 hivi kwa lita, kisha pima kila baada ya siku chache kwa vipimo vya matone. Ikishuka, ongeza. Tangi liko tayari pale amonia uliyotia leo inapokuwa sifuri kesho yake, naitraiti nayo sifuri, na naitreti imeonekana. Ukiwa na rafiki mwenye tangi lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake iliyotumika, uje nacho kikiwa kimeloa. Kitakupunguzia wiki kadhaa.

Maji ya bomba huwa na klorini, ambayo huua bakteria hao na kumuunguza samaki. Ukiyaacha wazi siku nzima klorini huondoka, lakini mamlaka nyingine za maji hutumia kloramini, na hiyo haiondoki kwa kusubiri. Tumia dawa ya kuondoa klorini iliyoandikwa kwamba inaondoa na kloramini, kila mara, hata kwa jagi moja.

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa ndilo nilipendalo, kwa kuwa halivuti mapezi wala halisukumi maji kwa nguvu. Ukiona samaki anajibanza pembeni au mkia unapeperushwa, punguza hewa. Pampu ikikaa chini ya usawa wa maji, weka vali ya kuzuia maji yasirudi kwenye mrija. Hita iweke kwenye nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi, na kipimajoto kikae upande wa pili wa tangi, usikiamini kitufe cha hita peke yake. Zima hita na uiache ipoe kabla ya kupunguza maji, kwani ikibaki hewani ikiwa ya moto hupasuka. Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kwanza ndipo zipande, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni.

Kifuniko ni lazima. Beta huruka, tena hupita kwenye tundu ambalo hungelidhania. Acha nafasi ya sentimita 3 au 4 kati ya maji na kifuniko, apate hewa yenye joto na unyevu.

Pambo lolote lipitishie kwanza soksi laini ya nailoni: likiikwaruza, litachana mapezi. Mimea ya plastiki ngumu mimi siitaki kabisa. Anubia na jimbi la Java hukua kwenye mwanga hafifu, na majani yake yakikaribia juu, beta huyalalia usiku. Napenda sana kumwona hivyo.

Siku ya kumleta, zima taa. Acha mfuko aliokuja nao uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 20, tia humo maji ya tangi kidogo kidogo, kisha mtoe samaki kwa wavu. Maji ya mfukoni yamwage nje. Dume lingine usimwekee kamwe, na majike wasikae naye pia.

Chembe 2 au 3 za chakula cha beta, asubuhi na jioni, zinamtosha. Atakuja kuomba tena, usimsikilize. Kilichobaki kitoe. Mabuu na uduvi waliogandishwa apewe mara moja moja, na mkate asipewe abadani.

Kila wiki nyonya robo ya maji pamoja na uchafu wa chini, urudishe mengine yenye joto lile lile. Kujazia yaliyokauka hakuhesabiki, kwani uchafu haukauki pamoja na maji. Sponji isuuze kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini, kamwe si bombani, na sabuni isiguse chombo chochote chake.

Akifumba mapezi, akipauka au akilala chini akikataa chakula, pima maji kabla ya kutafuta dawa. Ncha za mapezi zinazochakaa na kuwa nyeusi au nyekundu mara nyingi hupona kwa maji safi na joto lisiloyumba. Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, au vumbi la rangi ya dhahabu linaloonekana ukimmulika kwa tochi, ni vimelea, na hapo dawa inahitajika. Kiota cha mapovu usikichukue kuwa cheti cha afya, kwa kuwa dume hukijenga hata kwenye maji mabaya.

Umeme ukikatika, lifunike tangi kwa blanketi pande zote na usimlishe mpaka urudi. Ukisafiri siku 2 au 3, beta mzima mwenye afya hatadhurika kwa kukosa chakula. Safari ikiwa ndefu, mfungie atakayekusaidia mafungu ya kila siku kwenye vikaratasi, na kopo lenyewe lifiche.