Kabla hujasali na Watakatifu wa Siku za Mwisho, jua wanamwabudu nani

Wageni wanaoketi nami kanisani, kwetu sisi ambao wengi hutuita Wamormoni, huanza na maswali ya kahawa, ambayo hatunywi, na ya wake wengi. (Mitala ilisitishwa rasmi mwaka 1890, muumini akioa wa pili leo hupoteza uanachama.) Mimi huwaambia: ulizeni kwanza Mungu ni nani kwetu. Bila hilo, ibada yetu utaitazama tu.

Fungua Mafundisho na Maagano, kimojawapo cha vitabu vyetu vya maandiko, sehemu ya 130, mstari wa 22. Hapo Baba ana mwili wa nyama na mifupa, unaoshikika kama wa mwanadamu, Mwana vilevile, Roho Mtakatifu ni nafsi ya roho. Soma polepole. Kama umelelewa katika Utatu wa Nikea, yaani Baba, Mwana na Roho ni Mungu mmoja wa asili moja, hapa ndipo utakwama, na usijipe moyo kwamba tunatofautiana maneno tu. Kwetu hao ni watatu kweli, na umoja wao ni wa nia na kusudi. Mzizi wake ni masimulizi ya Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu: mwaka 1820, akiwa na miaka 14, aliingia msituni karibu na Palmyra, New York, kuomba, akawaona Baba na Mwana, kila mmoja na nafsi yake.

Kutoka hapo utaelewa kwa nini tunamwita Baba pasipo mafumbo. Tunaamini ndiye mzazi wa roho zetu tangu kabla hatujazaliwa; tunaamini pia kuna Mama wa mbinguni, ingawa hatumwombi. Na kwamba mtoto anaweza kukua akafanana na mzazi, jambo ambalo Joseph Smith alilihubiri waziwazi katika mji wa Nauvoo, Illinois, mwaka 1844. Wakristo wengi hulikataa katakata. Usianze nalo, ila usilifiche.

Sasa nenda Jumapili. Sala zote huelekezwa kwa Baba, kwa jina la Yesu Kristo, na mwombaji hutumia maneno yake mwenyewe. Sakramenti ndiyo tofauti: sala ya mkate na ya maji (si divai) husomwa neno kwa neno, na msomaji akiteleza huirudia. Mimi huipenda sana dakika hiyo, hakuna anayenong'ona. Kama hutaki kula, mpitishie jirani sinia, hakuna atakayekushangaa.

Usitegemee mchungaji wa kulipwa. Wahutubu ni waumini wa kawaida, wengine wanachosha, nakwambia mapema. Jumapili ya mfungo, kwa kawaida ya kwanza ya mwezi, tunaacha milo miwili, thamani yake tunawatolea wahitaji, na yeyote anaweza kusimama kutoa ushuhuda.

Hekalu ni habari nyingine: huingii bila kibali. Likijengwa jipya, subiri siku za kulitembelea kabla halijawekwa wakfu. Hapo milango iko wazi kwa wote.