Kuunganisha DocuSign na mfumo wa kampuni: mkataba usainiwe kwenye simu na ujiingize wenyewe kwenye databesi

Nimejengea mfumo kampuni moja ya mikopo ya bodaboda hapa Dar, nikauunganisha na DocuSign, huduma ya mtandaoni ya kusainia nyaraka. Kabla ya hapo mteja alikuwa anakuja ofisini anajaza fomu ya karatasi, karani anaichapa upya kwenye kompyuta, mkataba unaprintiwa nakala mbili, halafu mdhamini yuko Chanika hajafika, basi pikipiki inalala yadi siku tatu na dereva yuko nyumbani bila kazi. Siku tatu bila chombo ni siku tatu watoto hawajala vizuri, ndo maana hii kazi naichukulia kwa uzito. Nimetumia Laravel (zana ya kujengea mifumo kwa lugha ya PHP) ila mantiki ni ileile kwa lugha yoyote.

Hatua ya 1: sheria kwanza
Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, inaitambua saini ya kielektroniki, na inachotaka hasa ni saini imtambulishe aliyesaini na waraka ukichezewa baadaye ijulikane. Muonyeshe mwanasheria wa kampuni mkataba wenu kabla hujaandika kodi ya programu hata mstari mmoja. Na kwa kuwa unakusanya taarifa za watu, isome pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Hatua ya 2: fomu
Mteja ajaze mara moja tu, na alichojaza ndo kiende kwenye mkataba, asichape mtu tena. Namba ya simu igeuze yote ianze na 255 kabla ya kuhifadhi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ikianzia mwaka, kwa hiyo linganisha na tarehe aliyojaza, utakamata makosa mengi sana hapohapo. Ila ihifadhi kama maandishi! Integer (aina ya namba nzima) ya kawaida ya biti 64, ile signed, inaishia tarakimu 19, na JavaScript inaanza kupoteza usahihi ikishavuka 15, yaani tarakimu za mwisho zinabadilika kimyakimya na mkataba unatoka na kitambulisho cha mtu ambaye hayupo.

Hatua ya 3: akaunti na funguo
Fungua akaunti ya developa ya DocuSign, ni bure, nyaraka zake zinatoka na maandishi ya kuonyesha ni za majaribio. Tengeneza integration key (utambulisho wa mfumo wako kwa DocuSign), zalisha jozi ya funguo za RSA, mmoja wa wazi na mmoja wa siri, ule wa siri uweke kwenye seva, usiingie kwenye git (hifadhi ya kodi) kabisa. Mfumo utaomba tokeni (kibali cha muda cha kuongea na DocuSign) kwa njia ya JWT, yaani ombi lililosainiwa kwa ule ufunguo wa siri, na scope (ruhusa unazoomba) ni signature na impersonation. Mara ya kwanza utarudishiwa consent_required, usihangaike na kodi, fungua tu linki ya oauth/auth kwenye brauza, ingia, kubali, basi hurudii tena. Tokeni inaishi saa moja, itunze kwenye cache (hifadhi ya muda), usiombe mpya kila ombi.

Hatua ya 4: sehemu za saini
Kwenye mkataba weka alama za maandishi, mfano /mteja1/ na /mdhamini1/, uzipake rangi nyeupe zisionekane, DocuSign itazitafuta na kuweka saini palepale. Mimi mwanzoni nilitumia neno "Saini" kama alama, nikakuta mteja anadaiwa saini kila mahali neno hilo limetajwa kwenye vifungu. Alama iwe kitu ambacho hakiwezi kutokea kwenye sentensi ya kawaida.

Hatua ya 5: tuma bahasha
DocuSign kifurushi cha waraka pamoja na wasainiji wanakiita bahasha. Weka routingOrder (zamu ya kusaini): mteja 1, mdhamini 2, meneja 3. Wateja wetu wengi imeili hawafungui, kwa hiyo mteja na mdhamini nawapa clientUserId (alama kwamba mtu huyu anasainia ndani ya mfumo wako), hapo DocuSign haiwatumii imeili, wewe ndo unaomba linki ya kusainia na kuwafungulia. Sasa hiyo linki inakufa baada ya dakika 5, kwa hiyo usiitume kwenye SMS. Tuma linki ya mfumo wako, mdhamini akibonyeza ndo uombe ile ya DocuSign muda huohuo. Na kwa njia hii jukumu la kujua ni nani ameshika simu ni lako, kwa hiyo mtumie namba ya uthibitisho kwa SMS aiingize kwanza, na uhifadhi saa aliyoiingiza.

Hatua ya 6: webhuku, hapa tulia
Mteja akimaliza kusaini, brauza inamrudisha kwako na event=signing_complete. Mimi niliiamini, nikaandika kwenye databesi kwamba mkataba umekamilika, pikipiki ikatoka yadi kumbe mdhamini hajasaini chochote, ikabidi meneja amfuate nyumbani kwake. Ile event inamaanisha mtu mmoja amemaliza kipande chake, na hata hiyo haifiki kama data imekata katikati. Ukweli wa mkataba mzima unaletwa na DocuSign Connect, yaani wao wanaipigia seva yako kupitia anwani uliyowapa (hiyo ndo webhuku), wewe subiri envelope-completed. Sikiliza pia envelope-declined na envelope-voided, maana wapo wadhamini wanaokataa na wana haki yao.

Anwani ya webhuku iko wazi kwa dunia nzima, kwa hiyo washa HMAC, muhuri wa kuthibitisha kwamba ujumbe umetoka DocuSign kweli. Chukua body (maandishi ya ujumbe) mbichi kabla hujaigusa, piga HMAC SHA256 kwa ufunguo wako, geuza base64, linganisha na kilichopo kwenye kichwa cha ujumbe kiitwacho X-DocuSign-Signature-1 kwa hash_equals (kazi ya PHP ya kulinganisha kwa usalama). Ukishaiparse JSON (kuifungua kuwa data) ukaiandika upya haitalingana hata siku moja, wengi wanakwamia hapo. Ikikubali jibu 200 haraka, kazi nzito peleka kwenye foleni, na ujumbe uleule ukija mara mbili usitoe pikipiki mara mbili, angalia envelopeId kwanza.

Hatua ya 7: PDF na kwenda laivu
Kwenye foleni pakua kutoka DocuSign documents/combined ukiongeza certificate=true, unapata mkataba pamoja na cheti kinachoonyesha nani kasaini na saa ngapi, huo ndo ushahidi wako siku ya kesi. Kabla ya kukuruhusu laivu DocuSign wanaangalia maombi yako ya majaribio, wanataka angalau 20 yaliyopita bila kosa. Ukihamia, anwani ya seva ya DocuSign isome kutoka userinfo (ombi linalokupa taarifa za akaunti yako), usiiandike kwa mkono.

Jaribio la mwisho fanya na simu mbili. Ya mdhamini, akishabonyeza kumaliza tu, zima data papo hapo. Meneja naye asaini, halafu kaa uangalie databesi: mkataba ukijigeuza kuwa umekamilika na PDF ikaingia wakati ile simu bado haina mtandao, wape ofisi waanze kutumia.