Biskuti Ngumu za Mtoto Anayeota Meno

Watoto wengi huota meno ya kwanza, yale mawili ya mbele ya chini, wakiwa na umri wa karibu miezi 6, ingawa wapo wanaotangulia na wapo wanaokawia hadi mwaka. Fizi zikianza kuvimba, mtoto hutokwa na udenda na kutafuna kila anachoshika. Biskuti ngumu humfaa wakati huo, mradi awe amekwisha kuanza vyakula vya nyongeza, anakaa wima bila kuegemezwa, na ngano ameshaionja katika chakula laini bila kudhurika.

Biskuti hii si ile ya chai. Siagi na hamira ya unga (baking powder) ndizo zinazoifanya biskuti ya chai imeguke, na mmeguko ndio tunaoukwepa, kwa kuwa kipande kikavu kikikatika mdomoni humpalia mtoto. Kwa hiyo tumia gramu 200 za unga wa ngano, gramu 50 za unga wa ulezi uliochekechwa vizuri, na ndizi mbivu moja iliyopondwa hadi isibaki na donge. Usitie chumvi wala sukari, na asali usiitie kabisa, kwani mtoto asiyefikisha mwaka hapewi asali hata iliyopikwa. Ulezi usiuzidishe, maana haushikani kama ngano na biskuti zitapata nyufa.

Changanya, kisha ongeza maji kijiko kimoja kimoja, ukiishia vijiko vitatu au vinne, na ukande kwa dakika 10 mpaka donge liwe gumu kuliko la chapati. Lisukume liwe na unene wa sentimita 1, ukate vijiti vya urefu wa kiganja chako, na uviringishe ncha zake kwa kidole ili zisibaki na kona.

Oka kwa nyuzi 160 kwa nusu saa, kisha punguza hadi 110 na uviache vikauke kwa saa nzima, ukivigeuza mara moja. Ugumu huletwa na kukauka polepole. Ukiharakisha kwa moto mkali, nje huungua na ndani hubaki unyevu utakaoota ukungu. Anayetumia jiko la mkaa atandike mchanga ndani ya sufuria nzito, aweke trei juu yake, afunike na kuweka makaa juu ya kifuniko pia, na baada ya nusu saa aondoe makaa mengi, ya chini na ya kwenye kifuniko.

Kabla ya kumpa mtoto, ijaribu mwenyewe. Weka ncha mdomoni bila kuuma: baada ya dakika chache inapaswa kuwa laini na kuacha ujiuji kwenye ulimi. Ikikatika vipande, kula wewe na chai.

Mtoto aliyepewa biskuti haachwi peke yake, halazwi, wala habebwi mgongoni akiwa nayo. Ikipungua hadi kufikia kipande kinachoweza kuingia chote mdomoni, mnyang'anye hata akilia, na meno yakishatokeza uwe macho zaidi, kwani sasa anaweza kumega. Akipata homa kali au kuharisha, usiseme ni meno. Mpeleke kituo cha afya, na usikubali mtu amchokonoe fizi kwa madai ya "meno ya plastiki", yaani imani kwamba meno yanayochipuka ndani ya fizi ndiyo yanayomuugua mtoto na lazima yang'olewe.

Zilizobaki huhifadhiwa zikiwa zimepoa kabisa, katika kopo kavu lenye kifuniko, kwa muda usiozidi wiki moja.