Kabla ya kutuma picha za babu Australia

Mdogo wangu anaishi Adelaide. Watoto wake, wanaonijua mimi mama mkubwa kwa sauti ya simu tu, wameomba picha za ukoo. Zimo kwenye kopo la biskuti, nyumbani kwangu Lubumbashi.

Osha mikono, ikauke kabisa. Picha iliyogandama kwenye albamu usiivute. Pitisha uzi wa meno nyuma yake, taratibu. Piga kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, mbele na mgongo. Kwenye WhatsApp itume kama hati, maana ukiituma kama picha sura zinafifia.

Kazi kubwa iko mgongoni. Andika kwa penseli laini, biki hupenya. Majina ya wote, hata mtoto wa jirani aliyejipenyeza. Kisha mahali, kwa majina yake yote. Babu alitoka mkoa wa Kasai kuja kufanya kazi ya shaba Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, na picha yake ina muhuri wa Jadotville, jina la kikoloni la mji wa Likasi, lililotokana na bwana mmoja Mbelgiji wa kampuni. Muhuri usiufute. Andika chini yake Likasi, jina lililorudi 1966.

Ipo na ya stesheni ya Likasi, 1993. Mama, aliyezaliwa palepale, amekaa juu ya mizigo. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa, naye ameambiwa arudi "kwao" Kasai, ambako hajawahi kulala hata usiku mmoja. Nilisita siku tatu. Nimeituma, na maelezo yote.

Nikamwomba mdogo wangu naye aandike hivyohivyo kwenye picha za huko. Adelaide ni jina la malkia wa Uingereza, lililowekwa 1836. Wakaurna, wenye nchi, wanapaita Tarntanya. Sisi tuliofukuzwa Likasi tukiambiwa si kwetu, tukifika ugenini lazima tuulize tumekaa kwa nani.

Kwa aliyefariki, andika "marehemu" waziwazi. Sisi tunamtundika sebuleni, lakini Waaborijini wengi, wenyeji wa asili wa Australia, huepuka kuona sura za wafu wao, hata televisheni za huko hutoa tahadhari kwanza. Watoto wakipeleka picha shuleni, waseme mapema.

Pembeni mwa babu kuna kijana mwenye kofia ambaye hatumjui. Nimemwachia nafasi ya jina. Jumapili nitapanda basi kwenda Likasi, kwa mzee mmoja aliyekulia kwenye kambi ya wafanyakazi wa migodi, nikiwa na picha yenyewe mkononi, kwa sababu kwenye simu macho yake hayaoni.