SOMO: Kupima pia ya goti ya mbwa mdogo kabla hujamnunua wala kumpandisha

Mbwa anakimbia vizuri, ghafla anakunja mguu mmoja wa nyuma. Anaruka hatua tatu nne kwa miguu mitatu, anautupa ule mguu nyuma kama anapiga teke, kisha anaendelea na mbio zake. Wengi husema anadeka. Hadeki: pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, ilitoka kwenye mfereji wake ulio mwishoni mwa fupa la paja, na lile teke ndilo lililoirudisha.

Kwa Chihuahua, Pomeranian, Yorkshire Terrier, Maltese na Poodle mdogo, pia ya goti hutoka zaidi kwa upande wa ndani. Kosa haliko kwenye pia yenyewe. Fupa la paja limepinda, au kile kinundu cha mbele ya muundi kinachoshikwa na kano ya pia kimekaa ndani mno, hivyo msuli wa paja ukivuta unavuta mshazari. Tena mfereji hupata kina kwa kugandamizwa na pia wakati mtoto anakua. Pia ikikaa nje, mfereji unabaki bapa kama sahani. Ndiyo maana kukanda na kurudisha hakuponyi.

Namna ya kupima

1. Mtembeze kwenye sakafu isiyoteleza, mita kama kumi kwenda na kurudi, ukimtazama kutoka nyuma. Matege na vidole vinavyotazama ndani ni dalili.

2. Mlaze ubavu, mguu unaoupima ukiwa juu, na mtu mwingine amshike kichwa. Tafuta kile kinundu cha muundi, kisha panda na kano iliyokaza kama kamba ya kiatu mpaka ukutane na kifupa kigumu. Hiyo ndiyo pia. Kwa mbwa wa kilo 3 haizidi punje ya harage.

3. Nyoosha goti, zungusha wayo kuelekea ndani, sukuma pia ndani kwa kidole gumba. Taratibu. Halafu kunja goti kidogo, zungusha wayo nje, sukuma upande wa nje.

4. Achia, uone inafanya nini. Madaraja ni manne, kwa mpango wa Singleton wa mwaka 1969 ambao bado unatumika. La 1: inatoka ukisukuma, inarudi ukiachia. La 2: inatoka yenyewe au kwa kusukumwa, na inabaki nje mpaka goti linyooshwe au uirudishe. La 3: iko nje muda wote, ila kwa mkono inarudi. La 4: iko nje na hairudi.

5. Rudia mguu wa pili. Usiuruke hata kama hachechemei, kwa sababu mara nyingi yote miwili ina tatizo.

Kosa linalowaponza wengi ni kusukuma goti likiwa limekunjwa sana. Hapo msuli umekaza na pia imezama mferejini, hivyo goti bovu linaonekana zima. Mbwa mwenye woga naye hukaza msuli; msubiri atulie.

Upasuaji

Daraja la 1 huwa halipasuliwi. La 2 hutegemea anavyochechemea. La 3 na la 4 yanataka kisu, na kwa mtoto anayekua usichelewe, maana mfupa unazidi kupinda. Daktari huinua gegedu (mfupa laini) ya mfereji, hupunguza mfupa wa chini yake na kuirudisha ikae ndani zaidi. Hukata kinundu cha muundi na kukisogeza nje kwa pini. Kisha hukaza utando wa nje na kulegeza wa ndani. Muulize mapema kama kinundu atakihamisha. Kikiwa kimekaa vibaya kikaachwa hapohapo, pia itatoka tena, hata mfereji uchimbwe vipi.

Baadaye ni wiki 6 hadi 8 za kufungiwa, nje kwa mkanda tu kwenda haja, na picha ya eksirei kabla ya kumwachia.

Maswali ya wanachama

*Wangu ana miezi 7, anachechemea muda wote wala haruki-ruki. Ni pia?*
Angalia nyonga kwanza. Ugonjwa wa Legg-Calvé-Perthes hukata damu ya kichwa cha fupa la paja, na huanza kati ya miezi 4 na 12. Ukiuvuta mguu nyuma analia, na paja linakonda. Eksirei ndiyo inayoamua. Tiba ya kawaida ni kukiondoa kile kichwa, na hapo sharti ni kinyume cha goti: aanze kuutumia mguu mapema, usikakamae.

*Daktari, nimpe diclofenac kwa muda?*
Hapana, wala ibuprofen: huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Na paracetamol iache. Meloxicam, dawa ya maumivu, huandikwa na daktari wa mifugo, kwa kawaida miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1, pamoja na chakula. Mbwa wa kilo 2.5 anapata miligramu 0.5 siku ya kwanza. Kidonge cha binadamu cha miligramu 7.5 ni mara 15 ya hiyo.

*Ana miaka 8, daraja la 2 siku zote. Juzi kagoma kabisa kukanyaga.*
Shuku kano mtambuka ya ndani ya goti imekatika. Miaka ya muundi kujizungusha ndani huichosha. Daktari atajaribu kuusogeza muundi mbele kama droo.

*Dume wangu ni daraja la 1 na hana shida. Nimpandishe?*
Usimpandishe, mkuu. Hili hurithiwa kwa vinasaba vingi kwa pamoja. La 1 kwa la 1 wanaweza kuzaa la 3.

*Vidonge vya glukosamini, kirutubisho cha viungo, na sakafu ya vigae je?*
Glukosamini haichimbi mfereji. Tandika mikeka, punguza kucha na manyoya ya nyayoni, na mpunguze uzito: nusu kilo ya ziada kwa mbwa wa kilo 3 ni sehemu moja ya sita ya mwili wake.

*Muuzaji anasema wazazi wamepimwa. Nihakikishe vipi?*
Dai karatasi yenye daraja la kila mguu, tarehe, na umri wa mzazi siku hiyo. OFA, taasisi ya Marekani inayosajili vipimo vya afya ya mbwa, haitoi cheti cha pia kabla ya miezi 12, kwa hiyo kipimo cha miezi 5 hakitoshi. Kisha omba kumshika mama mtu, umlaze ubavu, uanzie kwenye kinundu.